Ukuta wa maonyesho Mji Mkongwe unatema unga mweupe baada ya ufunguzi: saruji, chumvi au kiyoyozi?

#1 Michoro_Shangani
Wakuu salaam. Mafundi na waandaaji wa maonyesho, naomba msaada wenu.

Ukumbi ni chumba cha chini kwenye nyumba ya mawe Shangani. Ukuta mmoja mrefu unatazama baharini, wa pili unatazama ua. Chumba kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 2.8, na kuta zina unene wa sentimita 60. Lipu ilipigwa upya, juu yake rangi nyeupe ya plastiki. Maonyesho yaliyopita humo yalifunguliwa Ijumaa jioni. Kiyoyozi kiliwashwa tangu adhuhuri, kikazimwa usiku watu walipotawanyika. Jumamosi asubuhi unga mweupe umejaa sakafuni chini ya ukuta wa baharini, rangi imetoka malengelenge, na karatasi za safu ya chini zimejikunja pembe. Yote haya ni chini ya mita 1.3 kutoka sakafuni, juu ya hapo pakavu. Ukuta wa ua hauna hata alama.

Yanakuja maonyesho mengine sasa: michoro ya vipimo vya nyumba za Mji Mkongwe, saizi ya A1, pamoja na modeli za karatasi ngumu. Chanzo hasa ni nini, na kipi kinaweza kufanyika bila kubomoa lipu wala kutoboa ukuta?

#2 FundiNiru
Saruji hiyo, usitafute mbali.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Ni ukuta laini, una vinyweleo, maji yanaingia na yanatoka. Chokaa inayaruhusu yatoke. Ukishaupiga lipu ya saruji umeuziba upande mmoja, maji yanakaa nyuma ya lipu na chumvi yake. Yakipata upenyo yanatokea pale pale na kuisukuma rangi. Rangi ya plastiki nayo inazidisha, maana hiyo ni ngozi ya pili isiyopitisha mvuke.

Dawa: bandua lipu hadi mita 1.8, yaani nusu mita juu ya alama ya unyevu. Acha ukuta wazi upumue miezi kadhaa, kisha piga chokaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, kila koti milimita 10 hadi 12. Kwa maonyesho yako ya karibu hutawahi, kwa hiyo usitundike kitu ukutani.

#3 Kusi_na_Kaskazi
Fundi, saruji ni tatizo, nakubali. Lakini kasome tena #1. Ukuta huo upo siku zote na saruji yake, mbona ulitapika usiku mmoja tu, ule wa ufunguzi? Kilichobadilika siku ile ni hewa.

Chumvi ya bahari ina tabia moja: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 inanyonya maji na kuyeyuka, ukishuka chini ya hapo inarudi kuwa punje. Hewa ya Unguja miezi mingi inakaa hapo hapo au juu yake, kwa hiyo chumvi iliyomo ukutani inabaki majimaji na haimsumbui mtu. Ukiwasha kiyoyozi tangu adhuhuri, unyevu wa chumba unashuka hadi 55 au 60. Maji ya ukutani yanakauka kwa kasi karibu na uso, chumvi inaganda ndani ya vinyweleo vya lipu. Punje inapokua inataka nafasi, na isipopewa inavunja. Ndiyo unga huo na ndiyo malengelenge hayo.

Kizime kiyoyozi, utaona.

#4 Pwani_Mchanga
Nami naungana na #3. Na zaidi ya hapo, watu! Mtu mmoja aliyesimama anatoa mvuke wa takribani gramu 50 kwa saa kwa pumzi na jasho. Watu 40 kwa saa mbili ni karibu lita 4 za maji hewani, kwenye chumba cha upana wa mita 2.8.

#5 Mwalimu_Vipimo
Ndugu zangu, tupime kwanza kabla ya kutibu. Dada Michoro, fanya haya matatu, hayana gharama.

Kwanza, unga wenyewe. Kusanya kijiko kimoja, gawa mara mbili. Fungu moja lidondoshee maji ya ndimu: likitoa povu, humo mna chokaa au vumbi la matumbawe. Fungu la pili litie kwenye maji safi kidogo, koroga, chuja kwa kitambaa, acha maji yakauke kwenye kisahani cheusi. Ukiona punje zenye pembe za mraba, hiyo ni chumvi ya kawaida.

Pili, chukua nailoni ngumu, sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne bila kuacha mwanya. Iache siku mbili, kiyoyozi kimezimwa. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa inayogandia kwenye baridi. Bandika moja ukuta wa baharini na moja ukuta wa ua, kimo kile kile.

Tatu, kwaruza lipu kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana. Chokaa inakwaruzika na kutoa unga mweupe. Saruji inaacha mstari hafifu wa kijivu na msumari unateleza.

Na tahadhari moja: kile kipimo cha umeme chenye sindano mbili msikitumie hapa. Chumvi inapitisha umeme, kwa hiyo ukuta mkavu wenye chumvi utasomeka kama ukuta uliolowa. Watu wamebomoa lipu nzima kwa kudanganywa na kidude hicho.

#6 Boriti_Mbili
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu maji yenyewe yanatoka wapi? Chumvi haitembei bila maji.

Alama ya mita 1.3 ni dalili ya maji yanayopanda kutoka ardhini, ukuta ukiyanyonya kama utambi wa koroboi. Kingekuwa kiyoyozi peke yake, malengelenge yangetokea hadi juu. Sasa angalia nje ya ukuta wa baharini: je, bomba la mvua linaishia juu ya ardhi na kumwaga maji mguuni pa ukuta? Kuna karo la jirani, choo cha zamani kilichozibwa, bomba la maji lililopita chini ya sakafu? Uchochoro umesakafiwa kwa zege hadi kugusa ukuta? Zege la uchochoro linazuia ardhi kukauka, na maji yote yanaelekea kwenye njia pekee iliyobaki, yaani ukuta wako.

Mjini humu kesi nyingi za ukuta wa chini zinaishia kwenye mfereji uliovunjika wa paa. Panda juu kabla ya kushuka chini.

#7 FundiNiru
#3, umeuliza mbona usiku mmoja. Jibu ni kwamba ukuta haukutapika usiku mmoja. Malengelenge yalikuwepo chini ya rangi zamani, kiyoyozi kimeyafungua tu. Piga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu: panapolia utupu lipu imeshaachana na jiwe. Hilo halifanyiki kwa saa kumi.

#8 Kusi_na_Kaskazi
Kama ni hivyo Fundi, saruji ndiyo iliyobeba mzigo na kiyoyozi ndicho kilichofyatua. Mbona basi tunabishana?

#9 FundiNiru
Tunabishana kwa sababu wewe utamwambia azime kiyoyozi na asiguse ukuta, na mwakani itakuwa hivi hivi.

#10 Mwana_Amu
Salamu kutoka Lamu. Naleta la huku maana mawe ni yale yale na bahari ni ile ile.

Mnasahau mchanga. Lipu ikipigwa kwa mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, chumvi imeingizwa na fundi mwenyewe, iwe ni chokaa au saruji. Mchanga wa pwani huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne, au huachwa wazi ule mvua ya masika nzima ndipo utumike. Ukiulamba ukakutana na chumvi, bado.

La pili ni chokaa ya mfuko. Chokaa ya tanuri, matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, ikimwagiwa maji hukaa shimoni chini ya maji, wiki hadi miezi, ndipo inanata na inalainika. Ile ya mfuko ikikaa dukani na mfuko umetoboka, hewa imeshaila. Idondoshee ndimu ungali dukani: ikichemka sana, imekufa, haitashika.

Nyumba za wangwana za huku zimemaliziwa kwa niru (lipu laini ya chokaa), na zidaka zake, yaani vishubaka vya ukutani, zimesimama karne na zaidi. Zilikuwa za kuwekea sahani na bakuli za kauri, kwa hiyo ukitaka kabati la maonyesho lisilohitaji msumari, tayari lipo ukutani. Modeli ndogo zinakaa humo vizuri sana, mradi mgongo wa kidaka uwe mkavu.

#11 Mzee_wa_Malindi
Mwana Amu umenena. Ila watu wa Lamu kila kitu mwasema kilianzia kwenu 😄 Hata kwenye urithi wa dunia mliingia pamoja na sisi mwaka 2001.

#12 Mwana_Amu
Mzee wangu, heshima yako. Lamu ni 2001, lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia 2000. Mmetutangulia mwaka mmoja, hilo nawaachia.

#13 Fremu_na_Waya
Turudi kwenye kutundika, maana dada ana tarehe.

Kutoboa msahau. Nyuma ya lipu ya sentimita 2 hadi 4 pana matumbawe yasiyo na mpangilio na udongo kati yake. Drili ikiangukia kwenye udongo, plagi inazunguka tu, na ukivuta inatoka na kipande cha lipu cha ukubwa wa sahani. Ikiangukia kwenye jiwe, mtetemo unaachanisha lipu pembeni. Tena jengo la hifadhi lina taratibu zake, kibali ni cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Tumia nguzo za kubana. Mbao za inchi 2 kwa 3, fupi kuliko kimo cha chumba kwa sentimita 5. Chini funga bolti ndefu yenye nati ya kuinulia, chini ya bolti kipande cha mpira. Juu weka ubao bapa. Ukikaza nati nguzo inabana kati ya sakafu na dari. Nguzo moja kila sentimita 120, kati yake unafunga plaiwudi. Ukuta haujaguswa.

#14 Boriti_Mbili
Taratibu hapo kwenye dari, mkuu!

Dari ya nyumba hizi ni boriti za mikoko, juu yake mawe bapa, juu yake zege la chokaa. Ndiyo maana chumba chake kina upana wa mita 2.8: boriti ya mkoko hailali salama zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi, na vyumba vyote vya pwani vimekatwa kwa kipimo hicho. Boriti imeumbwa kubeba mzigo kutoka juu. Ukiisukuma kutoka chini kwa bolti unainua mawe, zege la juu linapasuka, na mvua ya kwanza inaingia kwenye kichwa cha boriti mle ukutani. Kichwa kikioza hakuna anayekiona mpaka dari iteremke.

Kama lazima kubana, ubao wa juu uwe na urefu wa kukamata boriti tano au sita kwa pamoja, ukaze kwa vidole tu bila spana. Au acha kabisa dari, tumia paneli zinazosimama zenyewe.

#15 Fremu_na_Waya
Sahihi, ubao mrefu wa juu ni lazima, na #14 yuko sawa kuhusu spana.

Paneli za kusimama zenyewe: plaiwudi ya milimita 18, sentimita 244 kwa 122, ina uzito wa karibu kilo 32, kwa hiyo unahitaji watu wawili. Unaunga tatu tatu kwa bawaba na kuzisimamisha kwa zigizaga. Zikinyooka zinaanguka, zikikunjwa zinasimama. Kwa chumba cha mita 2.8 zigizaga itakula sentimita 60 za upana. Bakisha njia isiyopungua mita 1.2 ili watu wawili wapishane na kiti cha magurudumu kipite. Kwa hiyo paneli ziwe upande mmoja tu, ule wa baharini, na ukuta wa ua ulio mzima utundike kwa waya kutoka kwenye reli moja.

Paneli isiguse ukuta. Acha sentimita 5 nyuma, na inyanyue sentimita 10 kutoka sakafuni ili hewa ipite. Paka rangi pande zote mbili na kingo zake. Ukipaka upande mmoja itapinda.

Pima pia mlango na ngazi kabla ya kuagiza. Milango mingi ya nakshi hufunguliwa ubao mmoja tu, na paneli ya sentimita 122 haipiti hapo. Muulize mwenye nyumba kama ubao wa pili unafunguka na una kitasa gani.

#16 Karatasi_Kavu
Kuhusu karatasi kujikunja, hiyo si chumvi wala saruji. Ni umande.

Hewa ya nje ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, inaanza kudondosha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Kiyoyozi kimepoza ukuta hadi 23 au 24. Usiku kimezimwa, dirisha likafunguliwa, hewa ya moto na nzito ikaingia na kukutana na ukuta wa baridi. Karatasi iliyokuwa imekazwa pembe nne ikavimba katikati, asubuhi ikakauka na kubaki na mawimbi. Kwa nini ya chini? Kwa sababu baridi hukaa chini na ukuta wa chini tayari ulikuwa na maji.

Kwa hiyo kama kiyoyozi kitatumika, kisizimwe ghafla na madirisha kufunguliwa. Ama kiendeshwe muda wote kwa nyuzi 27 au 28, ama kisitumike kabisa, mtumie feni ya polepole isiyoelekezwa ukutani. Kuwasha na kuzima ndiko kunakoharibu zaidi ya unyevu wenyewe.

Kwa michoro ya A1: usibandike karatasi nzima kwa gundi. Tumia vikanda viwili vya karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, uji wa wanga wa ngano, ukingo wa juu tu, karatasi ining'inie huru. Ikivimba ina pa kwenda. Ukitia kioo, weka vibanzi vya milimita 3 hadi 5 pembeni ili karatasi isiguse kioo, maana ukungu huanzia hapo. Ukungu hupata nguvu unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 mfululizo, na huku kwetu hiyo ni hali ya kawaida. Kwa hiyo mchoro halisi usikae ukumbini zaidi ya muda wa maonyesho. Bora utundike nakala na halisi ibaki kwenye kabati.

Mstari wa katikati ya picha uwe sentimita 150 kutoka sakafuni. A1 iliyolazwa ina kimo cha sentimita 59, ukingo wake wa chini utakuwa sentimita 120. Safu ya pili ya chini usiweke kabisa.

#17 Pwani_Mchanga
#16 hilo la umande limenifungua macho. Ahsante.

#18 TaaNdogo
Nyongeza ya mwanga, fupi. Michoro ya wino na rangi ya maji isizidi laksi 50, picha za rangi ya mafuta laksi 200 zinatosha. Taa za ledi za kelvini 3000, ziwe mita moja na zaidi kutoka kwenye karatasi. Dirisha la baharini lizibwe kwa kitambaa cheupe cha pamba. Jua la mchana linalorudishwa na maji linapita laksi elfu kadhaa hata kama haligusi picha moja kwa moja. Programu za simu za kupima laksi zinakosea, lakini kwa kulinganisha kona na kona zinafaa.

#19 Msasani_Board
Nasoma kutoka Dar. Kwa nini msiachane na karatasi? Michoro ya Tingatinga ilianza 1968 kwenye ubao mgumu, rangi ya baiskeli, na inakaa baa, sebuleni, barazani, popote. Chapeni michoro kwenye ubao.

#20 Karatasi_Kavu
Rangi ile inayong'aa ya Tingatinga inakinga uso wa mbele vizuri, hilo kweli. Ubao mgumu wenyewe hunywa maji kwa kingo na mgongo, unavimba na kupinda. Kazi ya ubao huharibika kuanzia pembeni kuja ndani. Anayechora leo apake kingo na mgongo koti mbili kabla ya kugusa mbele. Kwa michoro ya kuchapwa, ubao wa plastiki wa milimita 5 ni rahisi zaidi, haunywi maji, ila joto likizidi unalegea. Usiuegemeze penye jua.

#21 Mzee_wa_Malindi
Mnazungumzia ukuta mmoja, lakini tatizo ni la mji. Angalieni Beit al-Ajaib. Ni nyumba ya matumbawe na boriti kama hizi zetu, ilipuuzwa na ikaporomoka.

#22 Mwalimu_Vipimo
Mzee wangu, kwa heshima, hapo kuna kusahihisha. Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, mwaka 1883, haikujengwa kama nyumba za kawaida. Ina nguzo za chuma za kuyeyushwa zilizoagizwa kutoka nje, na vyumba na varanda zake ni vipana kuliko boriti inavyoruhusu. Ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki, ilikuwa kwenye ukarabati. Kwa hiyo kuilinganisha na chumba cha Shangani chenye boriti kutatupoteza. Chuma katika hewa ya bahari kina ugonjwa wake: kutu ikikua inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na kupasua kilichoizunguka.

#23 FundiNiru
Mfano mzuri zaidi kwa dada ni Zahanati ya Zamani, ile ya Tharia Topan pale Malindi, iliyomalizika 1894. Ilipokarabatiwa miaka ya 1990 na Wakfu wa Aga Khan kazi ilirudishwa kwenye chokaa. Nendeni mkaitazame lipu yake mguuni mwa ukuta kisha mlinganishe na nyumba za jirani zilizopigwa saruji.

#24 Kusi_na_Kaskazi
Na tuongee ratiba, maana waandaaji hupanga tarehe bila kutazama upepo. Tamasha la muziki la Sauti za Busara liko Februari, katika kaskazi kavu. Tamasha la filamu la ZIFF kwa miaka mingi limekuwa Juni na Julai, katika kusi ya baridi. Maonyesho ya karatasi yafuate njia hiyo hiyo. Machi hadi Mei ni masika, ardhi imelowa na ukuta unakunywa. Hata Juni ya mwanzo ukuta mnene wa sentimita 60 bado una maji ya masika, haukauki kwa wiki mbili. Kama tarehe yenu inaweza kusogea, Julai mwishoni au Agosti.

#25 Boriti_Mbili
Februari chumba kitakuwa na joto, wageni watadai kiyoyozi, na mtarudi pale pale.

#26 Michoro_Shangani
Ahsanteni nyote. Majibu ya vipimo vya Mwalimu haya hapa.

Unga: kwenye ndimu umetoa povu dogo. Kwenye maji, zaidi ya nusu umeyeyuka, na kisahani kilipokauka zimebaki punje za mraba.
Msumari: juu pana tabaka la kijivu, gumu, milimita 8 hivi. Nyuma yake lipu laini yenye rangi ya udongo. Ukuta wa ua una tabaka lile lile la kijivu.
Nailoni, kiyoyozi kimezimwa: ukuta wa baharini una matone pande zote mbili. Ukuta wa ua una matone machache upande wa chumba tu.
Kifundo cha kidole: ukuta wa baharini unalia utupu hadi kimo cha kiuno, karibu urefu wote.
Nje: bomba la mvua linaishia sentimita 40 juu ya uchochoro, na uchochoro umesakafiwa hadi ukutani.

#27 FundiNiru
Kijivu! Nilisema tangu #2.

#28 Kusi_na_Kaskazi
Fundi, ukuta wa ua nao una saruji ile ile na ni mzima. Kama saruji ndiyo chanzo, mbona huo haukutapika?

#29 Boriti_Mbili
Kwa sababu ukuta wa ua hauna bomba la mvua mguuni mwake. Chanzo ni maji. Rekebisheni bomba kwanza, lipelekwe kwenye mfereji. Kata zege la uchochoro kwa upana wa sentimita 30 kando ya ukuta, ujaze kokoto. Kibali kikihitajika kiombwe sasa, maana ni eneo la hifadhi.

#30 Mwana_Amu
Au ukuta wa baharini una chumvi ya upepo miaka mia na zaidi, na ule wa ua umekingwa. Bomba litarekebishwa na chumvi bado imo. Ukutani mwenu mnahitaji lipu ya kutoa kafara: chokaa 1 kwa mchanga mkubwa uliooshwa 4, ipigwe juu ya ukuta ulio wazi, iachwe inywe chumvi mwaka mmoja hadi miwili, kisha ibanduliwe na kutupwa. Hapo ndipo mpige lipu ya kudumu.

#31 Mwalimu_Vipimo
Matone pande zote mbili maana yake mambo mawili yanakwenda kwa pamoja, na kipimo kimoja hakitenganishi. Dada, rudia nailoni kwenye ukuta wa baharini kwa kimo cha sentimita 50 na cha sentimita 200. Kama ya juu ina matone ya chumbani tu, #6 ana hoja nzito. Kama zote mbili zina ya ukutani, Mwana Amu ana hoja, na bomba peke yake halitatosha.

Ule unga ufagieni kwa brashi laini kavu na mkusanye kwenye kizoleo. Msipanguse kwa kitambaa kilicholowa, maana mnairudisha chumvi ndani.

#32 Fremu_na_Waya
Na lipu mpya isipigwe kabla ya maonyesho haya, hata kama fundi ana nafasi. Chokaa mbichi ni kali, inachoma karatasi na rangi, na inakomaa taratibu sana, takribani milimita moja kwa mwezi. Mwaka huu simamisheni paneli, tarehe ikipita ndipo mbandue.

#33 Michoro_Shangani
Tumekubaliana na mwenye nyumba: paneli za zigizaga upande wa baharini, nakala tu ukutani, feni mbili, kiyoyozi hapana. Mlango, ubao wa pili unafunguka. Nailoni za sentimita 50 na 200 zimebandikwa leo asubuhi.

#34 FundiNiru
Bandika na ya tatu kule ndani mwisho, mbali na bomba. Na ukibandua, chora kwa penseli mahali matone yalipoishia kabla hayajakauka.